Mwenye Mtoto ni Nani? Kitanda, Tumbo, Ng'ombe na Mzigo katika Simulizi za Uzazi

Utangulizi

Msomaji wa jarida hili ana haki ya kuuliza: habari za mahakama na vyeti vya kuzaliwa zimeingiaje katika uhakiki wa fasihi? Wenzangu waliniuliza swali hilo hilo kwenye semina, niliposema nataka kuandika juu ya watoto wanaozaliwa kwa mimba iliyobebwa na mwanamke mwingine. Mmoja alisema hayo ni mambo ya madaktari na mawakili. Mwingine akasema, tena kwa kujiamini kabisa, eti hayo ni ya Wazungu, sisi tuna yetu. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kwamba mambo haya ni yetu pia, na kwamba sisi watu wa fasihi tuna sehemu yetu ya kazi humo. Mzazi, kabla hajawa mtu wa kisheria, ni mhusika katika simulizi. Hakuna anayekubaliwa na umma kuwa baba au mama wa mtoto mpaka pawepo hadithi ya namna alivyompata, na watu wa kuishuhudia. Sheria huja baadaye kuipiga mhuri hadithi hiyo.

Tulieleze kwanza jambo lenyewe. Yai la mwanamke mmoja na mbegu ya mwanamume huunganishwa maabara. Kiinitete kinachopatikana huwekwa katika mfuko wa uzazi wa mwanamke mwingine, ambaye yai si lake. Huyo hubeba mimba miezi tisa, hujifungua, kisha humkabidhi mtoto kwa waliomtaka. Ufundi huu umetokana na ule uliomleta duniani Louise Brown, mtoto wa kwanza wa mimba iliyotungwa nje ya mwili, aliyezaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Kabla ya hapo mwenye yai na mwenye tumbo alikuwa mtu mmoja, na hapakuwa na haja ya kuwa na majina mawili. Sasa wametengana. Muuguzi anaposhika kalamu ili ajaze nafasi ya jina la mama, aandike la nani?

Nitalijibu swali hili kwa kusoma mambo manne: methali, hadithi ya hukumu, mila ya ndoa, na neno moja la Kiswahili. Mifano mingi nitaitoa kwetu Itetemia, nje kidogo ya mji wa Tabora, palipo na ikulu ya watemi wa Unyanyembe. Sifanyi hivyo kwa kujivunia kwetu. Nafanya hivyo kwa sababu katika eneo hilo moja watu waliwahi kuishi na kanuni zaidi ya moja za kumpata mwenye mtoto, na kila kanuni ilikuwa na hadithi yake.

Kitanda

Waswahili wana methali: Kitanda hakizai haramu. Tuitazame fani yake kwanza. Mtendaji katika sentensi hii ni kitanda. Ni tashihisi: kitu kisicho na uhai kimepewa kazi ya kuzaa. Kwa nini jamii iliyoitunga methali hii ikakipa kitanda kazi ambayo sote tunajua si yake? Naona ni kwa sababu ilitaka kuwatoa watu wawili jukwaani. Ukimtaja mama, umeanza kumtuhumu. Ukimtaja baba, umeanza kumtilia shaka. Kitanda hakituhumiwi. Kikishika nafasi ya mtendaji, uchunguzi umekwisha: mtoto aliyezaliwa katika ndoa ni wa ndoa hiyo, na majirani wafunge midomo. Methali hii inakwenda sambamba na kanuni ya fikihi ya Kiislamu kwamba mtoto ni wa kitanda. Hata sheria nyingi za kiserikali zina kanuni ya jinsi hiyo, kwamba mume wa mama huhesabiwa kuwa baba mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Kimaudhui, methali hii ina huruma. Inamkinga mtoto asije akabeba aibu ya watu wazima. Lakini mhakiki lazima aone pia mpaka wake. Methali hii ilitungwa kwa ajili ya shaka moja tu, shaka ya baba. Fasihi yetu andishi nayo imeshughulika mno na shaka hiyo hiyo. Katika Hatia (1972) ya Penina Muhando, mimba ndiyo inayoendesha mgogoro, na watu wanatafuta mwanamume wa kuibeba hatia. Katika Asali Chungu ya Said Ahmed Mohamed, mtoto ambaye baba yake hakumtambua anakua na kurudi kuwa msiba katika nyumba ya baba huyo. Kazi zote mbili zinauliza baba ni nani. Hakuna anayeuliza mama ni nani, maana mama tulimwona kwa macho, tumbo lilikuwa mbele yake.

Lugha yenyewe imejengwa juu ya uhakika huo. Kitenzi kuzaa tunakitumia kwa mama na kwa baba pia: fulani amezaa watoto watano, awe mwanamume au mwanamke. Lakini kujifungua ni kwa mama peke yake. Neno mzazi nalo lina nyuso mbili. Ukienda hospitali ukaulizia wodi ya wazazi, utapelekwa kwa wanawake waliojifungua. Ukiitwa shuleni kwenye kikao cha wazazi, utawakuta wanaolipia daftari na sare, wengine hawakumzaa mtoto hata mmoja. Miaka yote nyuso hizo mbili hazikutusumbua. Sasa zinatusumbua, kwa sababu mwanamke aliye katika wodi ya wazazi na yule atakayekwenda kwenye kikao cha wazazi wanaweza kuwa watu wawili, na kila mmoja ana haki ya kuitwa kwa neno lile lile.

Je, kitanda kitatusaidia hapa? Hebu tujaribu. Mama mbebaji akiwa na mume, kitanda ni cha mume huyo. Kwa kanuni ya methali, yeye ndiye baba. Mwanamume huyu hakutoa mbegu, hakukusudia kupata mtoto, pengine alitoa ruhusa tu, na sasa amekuwa baba wa mtoto wa watu! Methali iliyotungwa ili kumkinga mtoto inamtupa kwa mtu asiyemtaka. Hapo kitanda kimefika mwisho wa uwezo wake.

Tumbo

Wengi wetu kitanda kikitushinda hukimbilia tumbo. Aliyezaa ndiye mama, basi. Hoja hii ina nguvu, nami siidharau. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi katika methali hiyo ni yule aliyelala kwenye wodi ya wazazi.

Hadithi mashuhuri kuliko zote kuhusu jambo hili ni ile ya Mfalme Sulemani na wanawake wawili, ambayo wengi tuliisikia kabla hatujajua kusoma. Hadithi hiyo ina ndugu zake. China ya kale ilikuwa na mchezo wa kuigiza wenye duara la chaki: mtoto anawekwa katikati, wanawake wawili wanamvuta, na yule anayemwachia kwa kumwonea huruma ndiye mama wa kumzaa. Bertolt Brecht, Mjerumani, aliichukua hadithi hiyo mwaka 1944 akaipindua. Katika tamthilia yake anayemwachia mtoto ni mtumishi aliyemlea, na hakimu anampa mtoto mlezi huyo, huku mama wa kumzaa, mke wa gavana, akikosa. Wanafunzi wa fasihi tunapenda kusema kwamba Brecht aliweka ulezi mahali pa damu kwa sababu ya itikadi yake. Ni kweli. Lakini tukitazama muundo, hadithi zote hizi ni moja. Zote zina hakimu, mtoto, wanawake wawili, na jaribio moja: ni nani anaogopa kumwumiza mtoto?

Kitu kingine zinachoshirikiana ni kwamba mmoja wa wanawake hao hastahili. Ama anasema uongo, ama anamtafuta mtoto kwa ajili ya mali. Bila mhusika huyo hadithi haiendi. Sasa ulete mbele ya Sulemani mwanamke mwenye yai na mwanamke mwenye tumbo. Wa kwanza anasema, huyu ni damu yangu. Wa pili anasema, huyu nimemzaa. Wote wawili wanasema kweli. Hakimu hana mwongo wa kumkamata, na upanga haumsaidii kitu.

Hata hivyo tumbo lina historia ya kuaminiwa, na kwetu Itetemia liliaminiwa katika jambo kubwa kuliko yote. Katika karne ya 19, katika temi nyingi za Unyamwezi, mtoto wa kiume wa mtemi hakuwa mrithi wa kiti. Mrithi alitafutwa kwa upande wa dada za mtemi, yaani mpwa. Maana yake ni rahisi kuiona: mtoto wa mke wa mtemi anaweza kuwa wa mtemi au asiwe wake, lakini mtoto wa dada yake ni wa ukoo huo bila shaka yoyote. Tumbo la dada lilikuwa cheti cha kuzaliwa. Lakini fikiria kwamba yai ni la dada wa mtemi, na tumbo ni la mwanamke wa ukoo mwingine. Nani atakalia kiti? Wazee wangekaa barazani siku nyingi, kwa sababu mila yao ilijengwa juu ya kuamini kwamba yai na tumbo haviachani.

Afrika Kusini jambo hili lilitokea mapema. Mwaka 1987, katika mji wa Tzaneen, mwanamke mmoja alijifungua mapacha watatu waliotokana na mayai ya binti yake mwenyewe. Bibi akawazaa wajukuu. Kwa kipimo cha tumbo peke yake, binti huyo alikuwa dada wa watoto wa yai lake! Kiswahili kina mama mkubwa na mama mdogo, kina bibi na mama mkwe, lakini hapo hata sisi wenye majina mengi ya ukoo tunabaki tumeshika vichwa.

Mtu asidhani kwamba haya ni mafumbo ya darasani. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Kenya mjini Nairobi ilisikiliza shauri la namna hii. Mwanamke alikubali kubeba mimba ya mume na mke fulani, akajifungua mapacha. Likazuka swali la karatasi: mama aandikwe nani? Habari zikafika kwa Mkurugenzi wa Huduma za Watoto, na watoto wakachukuliwa wakapelekwa kwenye makao ya watoto. Tazama ubaya wa jambo hili. Watoto wale walikuwa na mwanamke aliyewazaa, na walikuwa na mume na mke waliowasubiri. Watu wazima hao watatu hawakugombana. Walikwenda mahakamani pamoja, upande mmoja. Lakini kwa kuwa hapakuwa na hadithi inayotambuliwa na serikali ya kuwaunganisha na watoto, watoto wenye watu wakatendewa kama wasio na mtu. Jaji David Majanja aliona kwamba kuwachukua namna ile kulivunja haki za wahusika, akaeleza haja ya kuwa na sheria. Tangu hapo muswada wa sheria ya uzazi wa kusaidiwa umefikishwa Bungeni Kenya zaidi ya mara moja, ukisukumwa na Mbunge Millie Odhiambo. Uganda nayo ilipata muswada wake mwaka 2023. Kwetu Tanzania hatuna sheria mahsusi.

Ng'ombe

Sasa turudi Itetemia, lakini safari hii tutoke ikulu twende kwa watu wa kawaida. Wanyamwezi walikuwa na njia kuu mbili za kuoana. Ya kwanza ni ya kukwa, yaani kutoa mahari. Mahari yakishatolewa mbele ya mashahidi, watoto watakaozaliwa ni wa upande wa baba. Ya pili, iliyoitwa butende, ni ya kuishi pamoja bila mahari, na watoto walikuwa wa upande wa mama. Baba wa watoto hao aliweza baadaye kutoa malipo akawakomboa. Bibi yangu alipokuwa akimtaja mtoto wa jirani ambaye baba yake hakutoa kitu, alisema kwa utulivu tu: yule ni wa kwao mama yake. Hakuwa anatukana. Alikuwa anasoma sheria.

Wengi wetu tumefundishwa kuyahakiki mahari kama bei ya mwanamke katika mfumo dume. Siyatetei. Nataka tu tuone kazi yake ya kisimulizi. Ng'ombe hawana damu ya mtoto na hawakumbeba. Kazi yao ni kusema mbele ya watu: mtoto atakayezaliwa humu ni wetu. Ni tamko, na tamko hilo linaweza kutolewa kwa nyakati mbili. Katika kukwa linatolewa kabla ya mtoto. Katika ukombozi wa mtoto wa butende linatolewa baada yake.

Nyakati hizo mbili ndizo ambazo sheria za dunia zinagombania leo. Afrika Kusini, kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2005, imechagua kabla: makubaliano hupelekwa Mahakama Kuu na kuthibitishwa kabla kiinitete hakijawekwa tumboni, na mtoto akizaliwa ni wa wale waliokusudia kumpata. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2008, imechagua baada: aliyebeba ndiye mama kisheria hata kama yai si lake, kisha wale wengine huiomba mahakama amri ya kuwahamishia uzazi, na hawezi kutoa ridhaa yenye nguvu kabla ya wiki 6 tangu ajifungue. Wanasheria huyaeleza haya kwa maneno mazito. Mzee wa Itetemia angesema kwa ufupi kwamba wale wa Kusini wanakwa, na wale wa Uingereza wanakomboa.

Tena si kwa baba tu. Wakurya wa mkoa wa Mara wana nyumba ntobhu: mwanamke, mara nyingi asiye na mtoto wa kiume, hutoa ng'ombe akamwoa mwanamke kijana, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba ya yule aliyetoa ng'ombe. Hakutoa yai wala hakubeba mimba. Kwa Wanandi wa Kenya pia kuna ndoa ya mwanamke kwa mwanamke, na Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua katika shauri la mirathi mwaka 2011. Nani anasema, basi, kwamba mzazi kwa nia ni mhusika aliyetoka ng'ambo?

Serikali yetu iliwahi kuziandika mila hizi. Tamko la sheria za mila la mwaka 1963 lilimruhusu mwanamume kumhalalisha mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa kwa kulipa shilingi 100 kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Isome kama matini ya fasihi. Malipo yamehesabiwa kwa shilingi, lakini muda haukuhesabiwa kwa kalenda, umehesabiwa kwa maziwa ya mama. Mwandishi wa kifungu kile, ajue asijue, aliacha mwili wa mwanamke ndani ya sheria ya wanaume. Miaka hiyo hiyo mtemi wa Unyanyembe, Abdallah Fundikira, alikuwa amekuwa Waziri wa Sheria wa Tanganyika huru. Baraza la Itetemia na wizara ya Dar es Salaam hazikuwa mbali kama tunavyodhani.

Leo tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kifungu cha 34 kinaruhusu maombi ya kuthibitisha mzazi yapelekwe mahakamani, hata kabla mtoto hajazaliwa. Kifungu cha 35 kinataja ushahidi utakaozingatiwa: jina lililoandikwa kwenye daftari la vizazi, sherehe ya kimila iliyofanywa na baba wa mtoto, kukataa kupimwa, kumkubali mtoto hadharani, na matokeo ya vinasaba. Angalia jinsi orodha hii inavyochanganya sauti. Karatasi ya serikali, ngoma ya kijijini, neno la hadharani na kipimo cha maabara vimekaa mkeka mmoja. Naipenda orodha hii. Lakini soma tena: sherehe ya kimila ni ya baba tu. Waandishi wake, kama watunzi wetu wa riwaya, walikuwa na shaka moja kichwani. Ukimleta mwenye yai, vinasaba vinamtaja. Ukimleta mwenye tumbo, daftari linamtaja. Orodha haisemi ushahidi ukigongana nani apishe njia.

Mzigo

Limebaki neno. Kiswahili bado hakijaamua kumwita nini mwanamke huyu. Wengine humwita mama mbadala, kana kwamba mama halisi yuko likizo. Magazeti hupenda tumbo la kukodi, na hapo mtu mzima amegeuzwa chumba. Mimi nimetumia mama mbebaji, na sasa lazima nilitolee hesabu, kwa sababu mtu wa Tabora hawezi kulisikia neno mbebaji bila kumkumbuka pagazi.

Babu zetu walikuwa wapagazi. Katika njia ya misafara, kutoka Ujiji kupitia Tabora mpaka Bagamoyo, Wanyamwezi walibeba pembe kwenda pwani na nguo kurudi bara, mzigo wa karibu frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, begani au kichwani. Pagazi alibeba mali ya mwingine. Akifika alipokea ujira wake, na pembe haikuwa yake. Ukimwita mwanamke mbebaji umekwisha kumsimulia hivyo: mtoto ni mzigo wa tajiri, yeye ni njia tu.

Kuna hukumu mashuhuri inayokaribia mawazo hayo. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya California ilikutana na shauri ambalo mbebaji alimdai mtoto. Mahakama ilikiri kwamba mwenye yai na mwenye tumbo kila mmoja ana sababu ya kuitwa mama, ikaamua kwa kutazama nia: aliyekusudia mtoto apatikane na kumlea ndiye mama. Jaji Joyce Kennard alipinga. Aliona kwamba hoja ya wenzake inafanana na sheria ya hakimiliki, ambapo aliyebuni wazo ndiye mwenye kazi, na akakumbusha kwamba watoto si mali. Hapa sisi wahakiki tuamke, maana tumeingia nyumbani kwetu. Katika hoja ile mwenye nia ni mtunzi, na mbebaji ni mchapaji tu. Lakini sisi tuliosoma fasihi simulizi tunajua kwamba kuna kazi ambazo hazipo bila mtendaji wake. Ngano haimo katika mifupa ya matukio. Fanani huipa pumzi, sauti, mwendo, na hadhira hutoka imepata kitu ambacho kwenye karatasi hakimo. Mtoto naye hatoki maabara akiwa mtoto. Mwanamke fulani alimlisha kwa damu yake miezi tisa. Si mtunzi peke yake, lakini kumwita mchapaji ni kusoma vibaya.

Na hata pagazi mwenyewe tumemsoma vibaya. Pagazi wa Kinyamwezi hakuwa mnyama wa mizigo. Alikuwa mtu huru wa kazi ya ujira, aliyepatana malipo na posho kabla ya safari, na akidhulumiwa aliweza kutua mzigo akaondoka. Katika njia hiyo hiyo walipita pia watu waliofungwa minyororo. Wote walibeba, lakini hadithi zao si moja. Kwa hiyo ukiniuliza mama mbebaji ni pagazi au ni mtumwa, nitakujibu: nionyeshe mapatano yake. Alisoma mwenyewe? Alikuwa na wakili wake? Anaweza kusema sitaki? Wanaobeba mara nyingi ni wenye shida ya pesa, na wanaobebewa ni wenye nazo. Mhakiki asiyeona tabaka hapo amefumba macho.

Hata utumwa haukumfuta kabisa aliyezaa. Katika nyumba za matajiri wa Tabora na Unguja, mtoto wa suria aliyekubaliwa na bwana alikuwa mtoto halali wa baba yake, na masultani kadhaa wa Unguja, akiwemo Barghash, walizaliwa na masuria. Suria mwenyewe, kwa kuwa amezaa, hakuruhusiwa tena kuuzwa, na bwana akifa alikuwa huru. Ulikuwa mfumo wa dhuluma, na hakuna wa kuusifu. Lakini ndani ya dhuluma ile kuzaa kulibaki kuwa jambo lenye madai. Je, makubaliano ya leo, yaliyoandikwa na watu huru, yatampa mwanamke nafasi ndogo kuliko hiyo? Na Hajiri je? Kwa masimulizi ya Biblia, Sara alitaka apate mwana kwa mjakazi wake. Ni kweli kwamba huyo yai lilikuwa lake. Lakini simulizi haikukubali abaki njia. Mpaka leo mamilioni ya mahujaji hutembea kati ya Safa na Marwa wakiifuata hangaiko la mama huyo akitafuta maji kwa ajili ya mwanawe.

Hitimisho

Katika makala haya nimejaribu kuonyesha kwamba kitanda, tumbo, ng'ombe na mzigo ni tamathali nne, na kwamba kila moja inamficha mtu. Kitanda kinaficha shaka. Tumbo linamficha mwenye yai na mwenye nia. Ng'ombe wanamficha aliyezaa. Mzigo unamfanya aliyebeba kuwa barabara.

Msimamo wangu ni huu. Sheria yetu itakapotungwa ichague kukwa, si kukomboa. Neno lisemwe mahakamani, mbele ya mashahidi, kabla kiinitete hakijawekwa tumboni, ili mtoto azaliwe akiwa na wazazi wanaojulikana, asije akalala makao ya watoto kwa ajili ya nafasi moja kwenye fomu. Kifungu cha 34 tayari kimefungua dirisha kwa kuruhusu maombi kabla ya kuzaliwa. Lakini jina la aliyebeba lisifutwe. Lihifadhiwe katika kumbukumbu ambazo mtoto akiwa mtu mzima ataruhusiwa kuzifungua, na baraza likikaa, mwanamke huyo akae akiwa na mtu wa kumsemea. Najua wapo watakaoona hivi tunamfungulia mlango adai mtoto baadaye. Nawajibu kwamba kumtaja mtu katika hadithi si kumpa hadithi yote. Kwetu mtoto wa kukwa alikuwa wa baba yake, na bado alijua ujombani kwake ni wapi.

Kazi ya kutunga sheria si yetu. Yetu ni nyingine. Nimeisoma fasihi yetu nikitafuta mwanamke huyu asimame aseme mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza, alivyokubali, alivyobeba, na jinsi maziwa yalivyomjia siku ya tatu baada ya mtoto kuondoka. Sijamwona. Waandishi wamo humu humu madarasani mwetu. Wamlete, nasi tutamhakiki kwa haki.